Tuko kwenye ikweta, jua mwaka mzima: mtoto wa Nakuru anapungukiwaje na vitamini D? Na ukurutu unaingiaje hapo?

#1 MamaZawadi_Lanet
Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie kufikiri, kichwa kimechoka.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Ukurutu ulimwanza akiwa na miezi mitano: mashavuni kwanza, kisha nyuma ya magoti, mikunjo ya viwiko na shingo. Usiku ndiyo kazi. Anajikuna akiwa usingizini, asubuhi nakuta madoa ya damu kwenye shuka. Upepo mkavu wa Januari na Februari ukianza, ngozi inakauka hadi inapasuka.

Wiki jana daktari mpya alimpima damu, akasema vitamini D ni 17, iko chini. Akampa matone, yuniti 1,000 kila siku kwa miezi mitatu. Shemeji yangu aliposikia akasema basi chanzo kimepatikana, niache krimu zote nimpe matone tu.

Swali langu ni hili. Kibao cha ikweta kiko pale Mogotio, si hata saa moja kwa matatu. Jua tunalo. Mtoto wa hapa anapungukiwaje na vitamini ya jua? Na ni kweli ndiyo inayoleta ukurutu?

#2 BabaPacha_Mamboleo
Pole sana mama. Mmoja wa pacha wangu alikuwa hivyo tulipokaa Kaptembwo. Tulipohamia Kisumu ngozi ikatulia ndani ya miezi miwili. Mimi nasema ni hewa. Huku kuna unyevu wa ziwa, huko kwenu ni vumbi na baridi ya usiku.

#3 OmenaNdiyoDawa
Omena. Mtoto wa ziwani anapata vitamini D kwenye sahani. Mpikie mara tatu kwa wiki kisha urudi hapa.

#4 Muuguzi_Bungoma
MamaZawadi, kabla ya yote: usiache krimu. Matone na krimu havigombani. Ukiacha kupaka ghafla ngozi italipuka, na hutajua kama ni matone yameshindwa au ni ukavu.

Sasa swali lako la ikweta. Kuwa na jua nje si sawa na kuwa na jua kwenye ngozi. Vitamini D hutengenezwa pale miale aina ya UVB inapoipiga ngozi yenyewe. Baada ya hapo ini linaibadilisha, na figo zinamalizia kazi. Ngozi nyeusi ina rangi inayokinga miale, kwa hiyo inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe. Mtoto wa zamani alishinda uwanjani na kaptula. Mtoto wa leo yuko ndani ya ploti yenye ua mrefu, anavalishwa sweta na soksi ndefu, anaenda chekechea saa moja anarudi saa tisa. Mwenye ukurutu ndiye hufunikwa zaidi, kwa sababu mama anaogopa vumbi, na pia anaogopa macho ya watu.

Kwa hiyo inawezekana kabisa apungukiwe. Kama ndiyo iliyoleta ukurutu, hilo ni swali la pili, na si jepesi.

#5 MamaZawadi_Lanet
Asante dada. Lakini mimi humkalisha juani kila asubuhi, saa moja na nusu! Namweka kitini karibu na dirisha la sebule, jua linaingia vizuri, nusu saa nzima, nje kukiwa bado na baridi.

#6 FundiSola_Njoro
Mama, dirisha limefungwa au liko wazi? Kioo cha kawaida huruhusu mwanga na joto, lakini karibu UVB yote hubaki nje. Mtoto anapata joto tu.

Na jambo la pili, saa. Jua la saa moja na nusu liko chini sana, miale inapita njia ndefu angani na UVB nyingi inachujwa. Angalia kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, vitamini D inayotengenezwa ni kidogo sana. Kikiwa kifupi, hapo ndipo kuna kitu.

#7 MamaWatatu_Kakamega
Fundi, hapo sikubaliani. Watoto wangu wote watatu kliniki walituambia jua la asubuhi, kuanzia saa moja hadi saa tatu, na la mchana ni hatari. Mama zetu pia walifanya hivyo. Leo wote walikosea?

#8 FundiSola_Njoro
Sijasema walikosea kumtoa mtoto nje. Walimweka uchi, nje, hakuna kioo, na mara nyingi ilifika saa tatu na zaidi. Hiyo ni tofauti na dirishani saa moja na nusu.

#9 Muuguzi_Bungoma
Ninyi wawili mna haki kila mmoja upande wake. Ushauri wa asubuhi ulilenga kumkinga mtoto mchanga asiungue na asipoteze maji. Lakini Fundi amesema kweli kuhusu kivuli. Kwa mtoto wa miaka mitatu, dakika chache za kucheza nje saa nne, mikono na miguu ikiwa wazi, zinatosha kuanzia. Mwenye ukurutu mwangalie jasho. Jasho likikaa kwenye mikunjo ya ngozi linawasha vibaya. Akitoka juani mwoshe kwa maji, mpake.

#10 MwalimuKemia_Kitale
Habari. Naomba kuuliza kitu ambacho hakuna aliyeuliza. Kumi na saba ya nini? Kipimo hiki kina vizio viwili. Kuna nanogramu kwa mililita na kuna nanomoli kwa lita. Nanogramu moja ni sawa na nanomoli mbili na nusu. Kama ni nanogramu 17, hiyo ni nanomoli 42 hivi, upungufu wa wastani. Kama ni nanomoli 17, huo ni upungufu mkubwa, unaoweza kuleta matege.

#11 MamaZawadi_Lanet
Nimeangalia karatasi. Ni nanogramu. Pembeni wameandika kiwango kizuri kinaanzia 30.

#12 DadaWebuye
Wangu alipimwa Eldoret akapata 48 na tukaambiwa imepungua kidogo, kwa hiyo 17 ni mbaya sana jamani.

#13 MwalimuKemia_Kitale
Dada, karibu nina hakika yako ilikuwa nanomoli. 48 kwa kizio hicho ni nanogramu 19 hivi. Mtoto wako na wa MamaZawadi wako karibu sawa.

Na hilo la 30, maabara hutofautiana. Wako madaktari wanaosema chini ya 20 ni upungufu, wengine wanasema hatari ya kweli huanza chini ya 12, na katikati hapo inategemea mtu. Kwa hiyo 17 iko mahali ambapo wataalamu wenyewe wanabishana.

#14 MsomajiWaUsiku
Naomba nichangie kwa urefu kidogo, kwa sababu wa kwangu naye anao na nimesoma mpaka macho yakauma.

Upande unaosema vitamini D inahusika: ngozi hutumia vitamini hii kutengeneza askari wake mdogo anayeitwa kathelisidini, protini inayoua vijidudu. Ngozi ya ukurutu hujaa bakteria aitwaye stafilokoka, na ndiye anayechochea muwasho na usaha. Askari wakipungua, adui anakaa. Kuna jaribio lilifanyika Ulaanbaatar, Mongolia, likachapishwa 2014. Watoto 107 ambao ukurutu wao huzidi majira ya baridi waliwekwa makundi mawili, kundi moja likapewa yuniti 1,000 kila siku kwa mwezi mmoja, jingine dawa bandia, yaani isiyo na vitamini ndani, ili kulinganisha. Makundi yote yalipata nafuu, lakini la vitamini lilipata nafuu zaidi. Dozi ni ileile aliyopewa Zawadi.

Pia Uingereza wajawazito walipewa yuniti 1,000 kila siku kuanzia karibu wiki ya 14 ya mimba. Majibu ya 2022 yalionyesha watoto wao walikuwa na ukurutu kidogo walipofikisha mwaka mmoja. Walipofika miaka minne tofauti haikuonekana tena.

Upande wa pili: mwaka 2017 watafiti waliangalia watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowashusha vitamini D maisha yao yote. Kama upungufu ndio unaoleta ukurutu, hawa wangekuwa nao zaidi. Hawakuwa nao zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kusita.

#15 MwalimuKemia_Kitale
Uchambuzi mzuri. Naongeza mawili. Utafiti wa vinasaba ulitegemea zaidi watu wenye asili ya Ulaya, sisi hatujui tuko wapi ndani yake. Na Mongolia wakati wa baridi watu hawatoi hata pua nje. Huwezi kuchukua mtoto wa Ulaanbaatar ukamweka Lanet ukasema ni yuleyule.

#16 OmenaNdiyoDawa
Ndiyo maana nikasema omena. Haihitaji Mongolia.

#17 BabaPacha_Mamboleo
OmenaNdiyoDawa, wewe kila uzi ni omena. Juzi kule kwenye uzi wa maumivu ya mgongo ulisema omena!

#18 OmenaNdiyoDawa
Na mgongo ukapona. Muulize mwenyewe.

#19 MamaWatatu_Kakamega
Tuwe waangalifu na samaki. Wa pili wangu akila omena midomo inavimba na ngozi inalipuka ndani ya dakika chache. Siyo kila mtoto.

#20 Muuguzi_Bungoma
Ni kweli, na huyo wako apelekwe akapimwe aleji kabisa. Ila wengine wasikimbilie kuwaondolea watoto mayai, maziwa na samaki wote kwa kubahatisha. Nimeona mtoto wa miaka miwili aliyeondolewa vyakula sita, ukurutu ukabaki palepale, uzito ukashuka.

Samaki na kiini cha yai vinayo vitamini D, lakini sehemu kubwa bado hutoka kwenye ngozi. Na msidhani unga wa dukani unasaidia hapa. Unga wa mahindi wa kiwandani huongezwa vitamini A, za kundi B, chuma na zinki. D haimo.

#21 Mkulima_Busia
Mimi nina hoja tofauti, msinicheke. Tumewasafisha watoto mno. Ng'ambo ya mpaka, Entebbe, wajawazito wapatao 2,500 walifuatiliwa. Waliopewa dawa ya minyoo ya albendazole wakiwa wajawazito, watoto wao walipata ukurutu zaidi kuliko wa akina mama waliopewa dawa bandia. Hiyo ilichapishwa 2011. Mwili uliozoea kupigana na minyoo ukikosa kazi unageukia ngozi.

#22 Muuguzi_Bungoma
Utafiti huo upo na ni mzuri, ndugu. Lakini naomba kwa dhati mtu asisome hapa akazuia mtoto kupewa dawa ya minyoo shuleni. Ule ulikuwa wa ujauzito. Minyoo ya Busia na Bungoma nimeiona inavyokausha damu ya mtoto.

#23 Mkulima_Busia
Sijasema waache. Wangu wanameza kila mwaka. Nasema tu chanzo hakiwezi kuwa kimoja.

#24 Section58_Nakuru
Hakuna aliyetaja maji? Maji ya visima vya Nakuru yana floraidi, kila mtu anaona meno ya watoto wetu. Meno yakiharibika hivyo, ngozi itapona wapi?

#25 MwalimuKemia_Kitale
Floraidi na ugumu wa maji ni vitu viwili, usivichanganye. Floraidi hudhuru meno na mifupa ukiyanywa maji kwa miaka, ndiyo maana huko Nakuru watu huchuja kwa mkaa wa mifupa. Kinachosemwa kukausha ngozi ni maji magumu, yenye chokaa, yanayofanya sabuni igande mwilini. Hata hilo, Uingereza walifunga mitambo ya kulainisha maji kwenye nyumba za watoto wenye ukurutu, watoto 336, majibu yakatoka 2011: hakuna nafuu ya ziada.

#26 Section58_Nakuru
Sawa, nimeelewa kuhusu floraidi. Ila nikimwogesha wangu kwa maji ya mvua analala. Hilo naliona kwa macho yangu.

#27 MsomajiWaUsiku
BabaPacha, swali kutoka bandiko #2. Pacha mwingine hakuwa nao?

#28 BabaPacha_Mamboleo
Hakuwa nao hata siku moja. Si pacha wa kufanana. Nyumba moja, jua moja, sahani moja.

#29 MsomajiWaUsiku
Basi hapo hewa peke yake haielezi, wala jua. Kuna kitu wanazaliwa nacho. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskochi, walionyesha kuwa kasoro kwenye kinasaba cha filagrini, protini inayoshikilia tabaka la juu la ngozi, huongeza sana hatari ya ukurutu. Kasoro zile za Wazungu ni nadra kwetu, lakini jambo lenyewe linabaki: ukuta wa ngozi una nyufa tangu mwanzo. Unyevu unatoka, vumbi linaingia.

#30 BabaPacha_Mamboleo
Kwa hiyo hewa ya Kisumu ilipunguza maji kutoka kwenye nyufa. Bado nimo!

#31 NyanyaWaMolo
Wanangu, mimi nimelea wajukuu saba. Mna uhakika ni ukurutu? Mmoja wetu alipakwa dawa ya ukurutu miezi mitano kumbe ni upele. Nyumba nzima tulikuwa tunajikuna usiku, kati ya vidole, kiunoni, na hakuna aliyetuuliza.

#32 Muuguzi_Bungoma
Shikamoo nyanya. Umesema jambo kubwa. Wakijikuna wawili au zaidi nyumbani, fikirieni upele kwanza, na wote watibiwe siku moja pamoja na nguo na matandiko.

Lingine: picha nyingi za ukurutu ni za watoto weupe, wekundu kama nyanya. Kwa watoto wetu hauwi mwekundu. Unakuwa wa kijivu, au zambarau, au mweusi kuliko ngozi nyingine, mara nyingi vipele vidogo vigumu kwenye kila kitundu cha nywele. Ukipoa unaacha mabaka, na mama anadhani ni choa. Kwa sababu haonekani mwekundu watu wanasema si mbaya, na mtoto anateseka miaka.

#33 MamaZawadi_Lanet
Shikamoo nyanya. Hapa anajikuna Zawadi peke yake. Na dada, hayo ya kijivu na vipele vigumu ndiyo yeye kabisa. Nimesoma nikalia kidogo.

Niwaambie na kilichonifanya niogope krimu. Mwaka jana duka moja la dawa mjini waliniuzia tyubu ndogo, wakasema ni ya fangasi na muwasho. Siku tatu ngozi ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Nikapaka miezi minne, hadi usoni. Baadaye nikaona mishipa inaonekana chini ya ngozi na mistari mapajani. Daktari akaniambia ilikuwa na steroidi kali ndani, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Hakuna aliyenieleza.

#34 DadaWebuye
Pole mama. Na mimi niliuziwa ya aina hiyo.

#35 Muuguzi_Bungoma
Pole sana, na hukukosea, ulidanganywa. Lakini usizichukie steroidi zote. Haidrokotisoni ya asilimia 1, siku chache, pale tu palipowaka, chini ya daktari, ni salama kwa mtoto. Kipimo: ukikamua kutoka ncha ya kidole chako hadi mkunjo wa kwanza, hiyo inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Kali zaidi isiguse uso wala sehemu ya nepi.

Mafuta ya kulainisha ndiyo kazi ya kila siku. Asubuhi na jioni, mengi, ngozi ikiwa bado na unyevu wa maji ya kuoga. Mnauliza yapi. Uingereza walilinganisha losheni, krimu, jeli na mafuta mazito kwa watoto 550, ikachapishwa 2022, na hakuna iliyoshinda. Bora ni ile mtoto anayokubali kupakwa. Hata mafuta mazito ya bei nafuu, yasiyo na manukato, yanafaa. Ya zeituni tu ndiyo siyashauri, yanadhoofisha ukuta wa ngozi.

Ukiona ganda la njano, majimaji au homa, hospitali. Malengelenge mengi madogo yaliyotoboka, hospitali usiku huohuo.

#36 Mpitaji_Bondo
Jirani yangu mtoto wake alipigwa sindano ya vitamini D, yuniti 300,000, kisha nyumbani akaendelea na matone kwa sababu hakuambiwa aache. Alianza kutapika, kunywa maji kila saa, choo kigumu. Alilazwa. Nauliza kama ya Zawadi haina hatari hiyo.

#37 MwalimuKemia_Kitale
Kwa umri wa mwaka 1 hadi 3, kikomo kinachotumika sana ni yuniti 2,500 kwa siku, na miaka 4 hadi 8 ni 3,000. Yuniti 1,000 iko ndani. Hatari ni kujumlisha: matone, juu yake sharubati yenye vitamini, juu yake mafuta ya ini la samaki, juu yake sindano. MamaZawadi, soma kila chupa uliyonayo. Na uhesabu matone. Kuna chupa ambazo tone moja ni yuniti 400 na nyingine tone moja ni 100.

#38 MamaZawadi_Lanet
Nimesoma zote usiku huu. Ile sharubati ya kuongeza hamu ya kula ina yuniti 200 kwa kijiko. Nimeiweka kabatini juu. Krimu sijaacha. Shemeji amenuna.

*(wiki tano baadaye)*

#39 MamaZawadi_Lanet
Wadau nimerudi kama nilivyoahidi wengine pembeni. Ngozi imepoa. Nyuma ya magoti kumefunga, shingo imebaki kavu tu. Shuka halina damu tangu wiki ya pili.

Ila niwe mkweli. Matone anapewa kila siku. Sabuni yenye manukato nimeacha. Mafuta mazito asubuhi na jioni, hakuna siku iliyopita. Na shule zilipofungwa alienda kwa nyanya yake Siaya, akashinda nje bila soksi, na ndiyo, alikula omena.

#40 OmenaNdiyoDawa
Sina la kuongeza.

#41 BabaPacha_Mamboleo
Siaya ni hewa ya ziwa. Someni #2.

#42 FundiSola_Njoro
Alitoka dirishani akaingia juani. Na jua lenyewe si vitamini D tu. Hospitali kubwa hutibu ukurutu kwa taa za UVB, na miale ile hutuliza kinga ya ngozi moja kwa moja. Huenda jua lilifanya kazi na vitamini haikuhusika.

#43 Muuguzi_Bungoma
Mimi dau langu liko kwenye mafuta mara mbili kwa siku. Lakini siwezi kuapa. Mama, miezi mitatu ikitimia mpime tena, maabara ileile, kizio kilekile.

#44 MamaWatatu_Kakamega
Kupima tena kutaonyesha vitamini imepanda. Hakutaonyesha ndiyo iliyoponya.

#45 MgeniHapa_Kisumu
Nimesoma uzi wote, asanteni. Wangu ana miezi minne, ananyonya tu, mashavu yameanza kukauka. Nimpe matone?

#46 Muuguzi_Bungoma
Karibu. Maziwa ya mama yana vitamini D kidogo sana, na nchi nyingi hushauri yuniti 400 kwa siku kwa anayenyonya. Hiyo ni kwa ajili ya mifupa. Ya mashavu tuanze na mafuta. Mpeleke kliniki aonekane kwanza.

#47 MamaZawadi_Lanet
Shule zinafunguliwa Jumatatu, tunarudi Lanet. Matone yaleyale, mafuta yaleyale, ila hakuna Siaya na upepo umeanza. Hapo ndipo nitaona.

#48 OmenaNdiyoDawa
Omena nakutumia kwa matatu ya Jumapili asubuhi, kilo mbili, zimekaushwa vizuri hazina mchanga. Niandikie pembeni utapokelea wapi.

#49 MamaZawadi_Lanet
Asante kaka, Mungu akubariki. Jana alilala hadi saa kumi na moja alfajiri bila kujikuna. Mimi ndiye niliyeamka mara mbili, nikawasha tochi ya simu kumwangalia mikono.